Kupandisha kasi si sababu ya kutosha ya kununua prosesa mpya

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe maoni yangu juu ya swali ambalo wenye kompyuta za mezani, hasa vijana wanaocheza gemu na wanaohariri video, wamekuwa wakiulizana kwa bidii: je, inafaa kubadilisha prosesa iliyopo (kipande kinachotekeleza amri za programu) ili kupata ile inayokubali kuovaklokiwa, yaani kuendeshwa kwa kasi inayozidi ile iliyopangwa na kiwanda? Mimi ni fundi wa kompyuta, na swali hili huletwa mezani kwangu mara kwa mara. Jibu langu limezidi kuwa thabiti kadiri miaka inavyokwenda: prosesa inunuliwe kwa kazi inayoweza kuifanya katika kasi yake ya kawaida, na anayeinunua kwa nia tu ya kuja kuipandisha kasi analipia kitu ambacho, kwa sehemu kubwa, kiwanda kimeshakitumia kabla yake.

Jibu hilo halikuwa sahihi siku zote, na ni haki wasomaji waelezwe kwa nini waliotutangulia katika kazi hii walihimiza kinyume chake. Mwaka 1998 kampuni ya Intel ilitoa Celeron 300A, prosesa ya daraja la chini iliyokwenda kwa megahezi 300 (mapigo milioni 300 kwa sekunde), kasi iliyotokana na saa ya ubao mama, yaani ubao unaobeba prosesa, ya megahezi 66 kuzidishwa kwa 4.5, namba iitwayo kizidishi. Aliyekuwa na ubao unaoweza kuipeleka saa hiyo hadi megahezi 100 alipata megahezi 450, ongezeko la nusu nzima, na prosesa nyingi za aina hiyo zililimudu. Mwaka 2007 ikaja Core 2 Quad Q6600 ya gigahezi 2.4 (gigahezi moja ni megahezi 1,000), ambayo kwa kusogeza saa ya ubao kutoka megahezi 266 hadi 333 ilifika gigahezi 3.0, yaani kasi ileile ambayo QX6850, prosesa ya daraja la juu ya kampuni hiyohiyo, iliuzwa nayo mwaka huo. Mwaka 2011 Core i5-2500K, iliyotoka kiwandani na gigahezi 3.3 na kujipandisha yenyewe hadi 3.7, ilifikishwa na wengi kwenye 4.5 kwa kipoza joto kizuri cha feni. Katika mifano yote mitatu mnunuzi alilipia daraja moja akapata utendaji wa daraja lililo juu yake, na tofauti hiyo haikuhitaji kutafutwa kwa programu ya vipimo. Ilionekana kwa macho.

Nafasi hiyo ilitoka wapi? Transista za kipande kimoja cha silikoni hazilingani kabisa na za kipande kingine, hata kama vyote viwili vimekatwa katika sahani moja ya silikoni. Kiwanda kililazimika kutangaza kasi moja ambayo kila prosesa yenye jina hilo ingeimudu kwa miaka mingi, hata katika chumba chenye joto na chini ya kipoza dhaifu. Pengo kati ya kasi hiyo ya tahadhari na uwezo halisi wa kipande ulichobahatika kukipata ndilo lililokuwa fungu la mpandishaji. Lakini tangu mwishoni mwa mwaka 2008, Intel ilipoleta Turbo Boost katika Core i7 za kwanza, prosesa zilianza kulitumia pengo hilo zenyewe: hupima joto, umeme unaotumika na idadi ya viini (sehemu za prosesa zinazofanya kazi sambamba) vilivyo kazini, kisha hupanda pale hali inaporuhusu na kushuka inapokataa. Mwanzoni hatua zilikuwa ndogo. Core i7-920 ilitoka gigahezi 2.66 hadi 2.93 tu. Kufikia mwaka 2022, Core i9-13900K yenye kasi ya msingi ya gigahezi 3.0 ilikuwa ikijipandisha hadi 5.8, huku ikiruhusiwa na kiwanda chenyewe kutumia hadi wati 253. Prosesa inayofika hapo bila mkono wa mtu haijamwachia mtumiaji akiba ya maana.

Upande wa AMD, mshindani wa Intel, karibu prosesa zote za Ryzen tangu mwaka 2017 zimeachiwa kizidishi wazi, yaani kinachoweza kubadilishwa na mtumiaji, na wauzaji hupenda kulitaja jambo hilo kama zawadi. Hata hivyo Ryzen 7 1800X ya mwaka huo, ambayo ilijipandisha yenyewe hadi gigahezi 4.0, kwa kawaida haikwenda mbali zaidi ya 4.1 hata mikononi mwa mafundi hodari. Ruhusa ilikuwepo, nafasi haikuwepo. Tena kuna hali ambazo kupandisha kwa mkono kunapunguza utendaji: Ryzen 9 5950X hupeleka viini vichache hadi gigahezi 4.9 kazi ikiwa nyepesi, kwa hiyo mtu anayeifunga ili viini vyote 16 vikae kwenye 4.5 bila kubadilika ananufaika anapotoa video nzito, lakini katika programu zinazotegemea kiini kimoja, ambazo ni nyingi kuliko watu wanavyodhani, kompyuta yake imekuwa nzito kuliko ilivyokuwa siku ilipotolewa katika boksi.

Naomba wasomaji wanivumilie kidogo kwenye hesabu, kwa maana hapa ndipo matangazo yananyamaza. Umeme ambao saketi za prosesa hutumia zinapofanya kazi hukua sambamba na kasi, lakini hukua kwa mraba wa volti. Prosesa ikitoka gigahezi 4.0 hadi 4.4, hilo ni ongezeko la asilimia 10. Ikiwa ili itulie katika kasi hiyo inabidi volti itoke 1.20 hadi 1.35, basi umeme huzidishwa kwa 1.1, kisha kwa 1.125 mara mbili, jumla yake ikiwa kama 1.39. Kilichokuwa wati 100 sasa ni wati 139, na bado hatujahesabu umeme unaovuja katika transista, ambao nao huongezeka joto na volti vinapopanda. Wati hizo zote hugeuka kuwa joto ambalo lazima liondolewe kwa feni zinazovuma zaidi au kwa kipoza kikubwa zaidi. Asilimia 39 ya umeme kwa asilimia 10 ya kasi ni biashara ambayo kila mtu ana haki ya kuifanya katika nyumba yake, ila aifanye akiwa ameiona hesabu yake.

Na hiyo asilimia 10 ya kasi yenyewe huwa haifiki mezani ikiwa nzima. Mhandisi wa kompyuta Gene Amdahl alikwisha kulionyesha hilo mwaka 1967: ukiharakisha sehemu moja ya kazi, faida yako inawekewa mpaka na ile sehemu ambayo hukuigusa. Tuchukue kazi ya dakika 60 ambayo prosesa ndiyo inayosubiriwa kwa asilimia 40 ya muda wote, na muda uliobaki unasubiriwa diski, kadi ya grafiki au kumbukumbu (RAM). Sehemu ya prosesa ni dakika 24. Kwa kasi iliyoongezwa asilimia 10 inakuwa takriban dakika 21.8. Basi kazi nzima, baada ya gharama, kelele na usiku wa majaribio, imepungua kutoka dakika 60 hadi karibu 57.8.

Ndiyo maana mtu akiniletea kompyuta akisema ni nzito na anataka prosesa ya kuovakloki, simwulizi kwanza anataka ipi. Namwomba aifungue kazi ile inayomkera hasa, siyo nyingine, kisha tutazame pamoja kinachoendelea ndani wakati anasubiri. Windows ina Task Manager kwa ajili hiyo, na Linux ina zana zake; hakuna gharama yoyote. Kama kadi ya grafiki inafanya kazi kwa asilimia 97 au 99 wakati gemu linakwenda huku prosesa ikiwa nusu tupu, prosesa mpya haitaongeza fremu hata kidogo za kuonekana, kwa kuwa anayesubiriwa ni kadi. Kama kumbukumbu imejaa na taa ya diski haizimiki, kompyuta inahamisha data kwenda na kurudi kwenye diski, na dawa yake ni kuongeza RAM. Kama diski yenyewe ni ile ya zamani ya kuzunguka, hapo sina haja hata ya kuendelea: sahani inayozunguka mara 7,200 kwa dakika huchukua milisekunde 8.3 kukamilisha mzunguko mmoja, na katika muda huo prosesa ya gigahezi 4 imepigiwa na saa yake zaidi ya mapigo milioni 33. Kuongeza mapigo mengine milioni 3 katika kusubiri huko ni kuongeza maji kwenye pipa ambalo bomba lake la kutolea ni jembamba. Ni SSD, diski isiyo na sehemu zinazozunguka, inayotakiwa, na mara nyingi mteja akishawekewa hiyo haulizi tena habari za prosesa.

Ziko kazi ambazo prosesa ndiyo inayosubiriwa kweli. Kukusanya programu kubwa kutoka msimbo wake, kutoa picha za 3D bila msaada wa kadi, kubana video kwa programu inayotumia prosesa tupu, kuendesha hesabu za kisayansi, na gemu kadhaa za mikakati zenye maelfu ya askari au raia wa kufuatiliwa kwa wakati mmoja. Hapo viini vyote, au kile kimoja kinachobeba mzigo, vitaonekana vimekaa juu bila kushuka. Mwenye kazi hizo ana sababu njema ya kubadilisha prosesa. Lakini hata yeye atapata zaidi kwa kuchagua prosesa yenye viini vingi au ya kizazi kipya kuliko kwa kuchagua ile yenye kizidishi kilicho wazi, kwa kuwa kizazi kipya hufanya kazi nyingi zaidi katika kila pigo la saa, jambo ambalo hakuna mpangilio wa BIOS (programu ya msingi iliyo kwenye ubao mama) unaoweza kulileta.

Mfano unaonishawishi kuliko yote ni wa AMD yenyewe. Mwaka 2020 ilitoa Ryzen 7 5800X, yenye viini 8, megabaiti 32 za kache ya ngazi ya tatu (kumbukumbu ndogo ya kasi iliyo ndani ya prosesa), uwezo wa kujipandisha hadi gigahezi 4.7 na kizidishi wazi. Mwezi Aprili 2022 ikatoa Ryzen 7 5800X3D, yenye viini 8 vya usanifu uleule, kasi ya juu ya gigahezi 4.5 tu, na kizidishi kilichofungwa. Mtumiaji haruhusiwi kuipandisha. Tofauti yake kubwa ni kache, ambayo iliongezwa hadi megabaiti 96 kwa kubandika tabaka jingine la silikoni juu ya lile la kwanza. Katika gemu nyingi, hii iliyo na gigahezi pungufu na mlango uliofungwa iliishinda ile iliyo wazi, tena kwa tofauti ambayo kupandisha kasi hakungeweza kuifidia, kwa sababu kilichokuwa kikichelewesha ni safari za kwenda kuchukua data kwenye RAM. Aliyechagua kwa kuangalia neno "wazi" kwenye boksi alichagua prosesa isiyomfaa kwa kazi yake.

Kisha kuna mlolongo wa ununuzi ambao huanza kwa kitu kimoja na kumalizikia kwenye kompyuta nzima. Kwa Intel, kupandisha kizidishi kunahitaji prosesa yenye herufi K mwishoni mwa jina na, pamoja nayo, ubao mama wenye chipseti (chipu zinazoamua uwezo wa ubao) ya daraja la Z. K kwenye ubao wa daraja la B ni herufi iliyolipiwa bure. Kwa Ryzen za soketi (kiti cha prosesa kwenye ubao) ya AM4, ubao wa A320 haukubali kupandisha kasi, wakati B350, X370 na warithi wao hukubali. Soketi nayo haitoshi kuwa ushahidi: LGA 1151 ya Intel ilitumika kwa kizazi cha 6 na cha 7, kisha jina hilohilo na idadi ileile ya miguso ikatumika kwa kizazi cha 8 na cha 9, lakini mbao mama za mwanzo hazikubali rasmi prosesa za baadaye. Mtu anayenunua kwa kuangalia umbo la soketi peke yake anaweza kurudi nyumbani na prosesa nzima isiyowaka. Hata pale soketi inapokubali, kama ilivyo kwa AM4 ambayo ilipokea vizazi kadhaa, BIOS inatakiwa isasishwe kwanza wakati prosesa ya zamani bado ipo mahali pake. Nalisisitiza hili kwa kuwa wengi hukumbuka wakati ile ya zamani imeshauzwa.

Baada ya ubao, kinafuata kipoza, kwani kile kinachokuja ndani ya boksi, kama kipo, kimepimwa kwa kasi ya kawaida, na prosesa nyingi za K huja bila kipoza kabisa. Kinafuata kifaa cha kuipa kompyuta umeme (power supply), ambacho lazima kiwe na akiba. Na ndani ya ubao wenyewe kuna saketi zinazoshusha volti 12 hadi volti moja na kitu ambayo prosesa huitumia. Kwenye ubao wa gharama ndogo saketi hizo hupata moto, hupunguza umeme ili zijiokoe, na kasi uliyoiweka kwa mkono hushuka kimyakimya katikati ya kazi. Gharama za vitu hivi vyote zikijumlishwa, mara nyingi zinatosha kununua prosesa ya daraja la juu zaidi, ambayo ingefanya kazi hiyo kwa kasi yake ya kiwandani, kwa utulivu, na ikiwa na dhamana. Dhamana ya AMD, kwa mfano, haifidii madhara yanayotokana na kuendesha prosesa nje ya vipimo vyake, na hilo limeandikwa wazi kwa anayesoma.

Jambo linaloniumiza kuliko gharama ni uaminifu wa mashine. Mwaka 2011 watafiti wa Microsoft walichapisha uchunguzi wa kuharibika kwa vifaa katika kompyuta zipatazo milioni moja za watumiaji wa kawaida. Waliona kwamba hata kupandisha kasi kidogo kulizidisha kwa kiasi kikubwa uwezekano wa kompyuta kuanguka, na kwamba zilizokuwa zikiendeshwa chini kidogo ya kasi ya kiwandani zilikuwa na utulivu zaidi. Kuanguka kwenyewe ni nusu ya tatizo, kwa sababu kompyuta inapozima, angalau umejua. Prosesa iliyo ukingoni mwa uwezo wake inaweza pia kutoa jibu lisilo sahihi bila kuzima: tarakimu moja ikageuka katika hesabu, faili likaandikwa lina kasoro, nakala ya akiba ikachukuliwa juu ya kasoro hiyo, na mwenye kazi asijue mpaka siku anayoihitaji. Mwanafunzi anayeandika tasnifu, mhasibu, mpiga picha wa harusi za watu, hawa wote wana vitu ndani ya kompyuta ambavyo haviwezi kufanywa upya. Sioni ni kwa haki gani tunawaambia kwamba kupandisha kasi ni jambo dogo la kubofya mara mbili.

Hata watengenezaji wenyewe wameonyesha jinsi ukingo huo ulivyo mwembamba. Mwaka 2024 Intel ilikiri kwamba baadhi ya prosesa zake za mezani za kizazi cha 13 na cha 14 zilikuwa zikipoteza utulivu kwa sababu, pamoja na mengine, zilikuwa zikiomba volti iliyozidi. Mwezi Agosti mwaka huo ilitoa marekebisho ya mikrokodi (maelekezo ya ndani ya prosesa) kupitia BIOS na kuongeza miaka 2 katika dhamana ya prosesa hizo. Marekebisho yalilenga kuzuia; kipande kilichokwisha kudhurika hakikuponywa. Mwaka mmoja kabla ya hapo, AMD nayo ililazimika kuweka kikomo cha volti 1.3 kwenye sehemu ya prosesa za Ryzen 7000 inayohudumia kumbukumbu, baada ya baadhi yake kuungua zikiwa kwenye mbao mama zilizopeleka volti kubwa kupita kiasi. Kama wenye maabara na wahandisi wa silikoni wanaweza kuukosea mpaka huo, mtu wa nyumbani mwenye kielelezo cha video cha dakika kumi anapaswa kuusogelea kwa heshima kubwa.

Sisemi kwamba kazi hii ipigwe marufuku, wala siwadharau wanaoipenda. Anayetaka kujifunza jinsi saa, volti na joto vinavyofungamana hana shule iliyo bora kuliko kompyuta ya zamani ambayo haibebi kazi ya mtu, na wengi wa mafundi wazuri ninaowajua walianzia hapo. Namshauri apande kwa hatua ndogo, megahezi 100 kwa mara moja, abadilishe kitu kimoja tu kila mara na kukiandika, na baada ya kila hatua aipe prosesa mzigo mzito wa saa kadhaa. Prime95, programu iliyotokana na mradi wa kutafuta namba tasa za Mersenne ulioanza mwaka 1996, inafaa kwa sababu hulinganisha majibu yake na majibu yanayojulikana, na hivyo hugundua kosa hata kama kompyuta haikuzima. MemTest86 hufanya kazi kama hiyo kwa upande wa RAM. Kosa moja katika saa nne ni kosa. Kasi hiyo haifai.

Kwa wengine wote, kuna mambo ya kufanya kabla ya kufungua pochi. Vumbi likitolewa kwenye kipoza na dawa ya kupitishia joto ikipakwa upya, prosesa ambayo ilikuwa ikijishusha kwa sababu ya joto hurudi kwenye kasi yake halali, na hilo kwa prosesa za siku hizi ni sawa na kuipandisha. RAM ziwekwe mbili katika nafasi sahihi ili zifanye kazi kwa njia mbili sambamba. Nimeona kompyuta nyingi zenye kipande kimoja tu kikihudumia prosesa nzuri. Tena, RAM za DDR4 zilizoandikwa 3200 mara nyingi huamka kwa 2133 au 2666 mpaka mwenye kompyuta awashe wasifu wa XMP, yaani mpangilio wa kuiendesha RAM kwa kasi iliyoandikwa, ndani ya BIOS. Kusema kweli, hilo nalo linaweza kuwa nje ya vipimo rasmi vya baadhi ya prosesa, kwa hiyo lipimwe kwa MemTest86 kama nilivyotangulia kueleza. Na kwa prosesa nyingi za sasa, kupunguza volti kwa uangalifu badala ya kuiongeza huleta faida isiyotarajiwa: kutoka 1.20 hadi 1.10 kwa kasi ileile hupunguza umeme kwa karibu asilimia 16, joto hushuka, na prosesa inayojipandisha kwa kufuata joto hupata nafasi ya kukaa juu kwa muda mrefu zaidi. Nalo linataka majaribio yaleyale ya utulivu.

Iko sababu moja ya kubadilisha prosesa ambayo naiona nzito kuliko gigahezi zozote, na inazungumzwa kidogo mno. Microsoft ilikomesha msaada wa kawaida kwa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 hutaka TPM 2.0 (kifaa cha usalama kinachotunza funguo za siri) pamoja na prosesa ambayo kwa kawaida ni ya Intel ya kizazi cha 8 au Ryzen 2000 na kuendelea. Mwenye Core i5-2500K iliyopandishwa hadi 4.5, hata kama inamtosha kwa kazi zake zote, hawezi kuingia humo rasmi, na akibaki kwenye mfumo usiopata marekebisho ya usalama anahatarisha akaunti zake za benki na za barua pepe. Huyo abadilishe, au ahamie Linux ambayo mashine yake inaiweza vizuri kabisa. Mwenye prosesa ya Intel ya kizazi cha 9, SSD na RAM ya kutosha, ambaye kompyuta yake haimcheleweshi ila amesikia kwamba kuna prosesa iliyo wazi, abaki nayo.

Ombi langu kwako, Mhariri, linahusu kurasa za teknolojia. Waandishi wako wanapolinganisha prosesa, naomba wasiishie kwenye gigahezi na idadi ya viini. Waandike kazi halisi ilichukua dakika ngapi katika kasi ya kiwandani, prosesa ilitumia wati ngapi wakati huo, ilifika nyuzi ngapi za joto na kwa kipoza cha aina gani. Na pale wanapotaja kasi iliyopandishwa, waweke mambo hayohayo manne kando yake, pamoja na jina la programu iliyotumika kupima utulivu na saa ilizokaa bila kosa. Jedwali la namna hiyo halitachukua nafasi kubwa kuliko picha ya boksi la prosesa ambayo huchapishwa sasa.

Wako,
Fundi wa kompyuta na msomaji wako wa siku nyingi